Ua wa Nyumba Katika Nchi ya Kiu

Msafiri atokaye mji wa Isiolo na kushika njia ya magharibi huacha nyuma yake maduka na misikiti ya mji ule, akaingia katika nchi ya miti mifupi yenye miiba, ya mawe, na ya vilima vilivyosimama kimoja kimoja kama walinzi. Huko ndiko kuliko Kipsing, katika wadi ya Oldonyiro. Wakazi wake hasa ni Wasamburu na Waturkana, pamoja na wafanyabiashara na watumishi waliotoka kwingine. Hapana mto utiririkao mwaka mzima mahali pale. Upo mto wa mchanga, ambao watu wa kaskazini huuita laga. Mvua inyeshapo, laga hujaa maji kwa saa chache au siku chache. Kisha maji hujificha chini ya mchanga, na mwenye kuyataka hana budi kuyachimbua kwa mikono na kuyateka kata kwa kata.

Katika nchi ya namna hii, swali la jinsi ya kuupanga ua wa nyumba si swali la mapambo. Penye mvua nyingi mtu aweza kupanda apendacho, na akikosea mvua humsamehe. Penye ukavu, kosa la bustani hulipwa kwa maji, na maji hulipwa kwa jasho la mama na mgongo wa punda. Nataka kuwaonyesha wanafunzi wasomao kurasa hizi kwamba ua wa nyumba una historia yake kama vile falme na vita vilivyo na historia, na kwamba historia ya nyua za Kipsing na jirani zake ina funzo ambalo bado hatujalisoma hadi mwisho.

Neno lenyewe lastahili kuangaliwa kwanza. Ua ni kizuizi cha miti kizungukacho nyumba, na ni uwanja ulio ndani ya kizuizi hicho. Ua ni pambo la mmea lichanualo kabla ya tunda. Tena ua ni amri ya kutoa roho. Mtu aweza kudhani kuwa maneno haya yamefanana kwa bahati tu, na kweli ni bahati. Lakini tutaona hapa chini mmea mmoja ambamo maana zote tatu zilikutana.

Tuanze na boma la kale. Wasamburu na Waturkana wa zamani hawakukaa mahali pamoja maisha yao yote. Walifuata majani na maji pamoja na ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia wao. Kwa hiyo watu wengi waliowaona kwa mara ya kwanza walidhani kuwa boma lao ni kibanda cha kupitisha usiku, kisicho na mpango wowote. Kumbe lilikuwa na mpango, tena mpango uliopimwa kwa vizazi vingi. Halikujengwa ndani ya laga, hata kama mchanga wake ulikuwa laini na kivuli chake kizuri, kwa sababu mafuriko ya usiku hayabishi hodi. Lilijengwa mahali palipoinuka kidogo, ambapo maji ya mvua hupita wala hayatuami. Nyumba, ambazo kazi ya kuzijenga ilikuwa ya wanawake, zilikuwa fupi, zenye mlango mdogo, za fito zilizokandikwa kwa samadi na udongo au kufunikwa kwa ngozi na mikeka, ili jua lisipate pa kuingilia na upepo wa vumbi usipate pa kushika. Mazizi yalikuwa ndani, na ndama na wana-mbuzi walilazwa karibu na watu. Kando ya yote palizungushwa matawi ya miiba, ili simba na fisi wabaki nje.

Mti mkubwa haukukatwa ovyo. Mgunga, ule mti wenye kichwa bapa kama mwavuli, uliachwa usimame, kwa maana chini yake wazee walifanya baraza, na maganda ya mbegu zake yaliyoanguka wakati wa kiangazi yalikuwa chakula cha mbuzi wakati nyasi zimekwisha. Waturkana walikuwa na sheria juu ya jambo hili. Kando ya mito yao familia ilikuwa na haki ya kutumia kipande cha msitu, nacho kiliitwa ekwar. Mgeni hakuja kuangusha maganda ya mgunga katika ekwar ya mtu mwingine bila ruhusa. Hivyo mtu asiyekuwa na shamba wala hati alikuwa hata hivyo na miti yake, akaitunza kama mkulima atunzavyo mnazi.

Lakini jambo kubwa kuliko yote katika boma la kale halikuwa nyumba, wala miiba, wala mti. Lilikuwa kuhama. Boma lilipohamishwa, nyuma yake palibaki samadi nyingi iliyokusanywa na mifugo kutoka mbuga nzima na kuwekwa mahali pamoja. Mvua ilipokuja, nyasi nzuri ziliota hapo. Wataalamu waliofanya uchunguzi katika kituo cha utafiti cha Mpala, huko Laikipia, wameonyesha kwamba viwanja vya maboma ya zamani hubaki vyenye rutuba kwa makumi ya miaka baada ya watu kuondoka, na kwamba swala na wanyama wengine hupenda kulisha hapo kuliko mahali pengine. Fikirini maana yake. Watu walikaa mahali, wakala, wakalala, wakanywesha mifugo. Kisha wakaondoka, nao waliacha ardhi ikiwa bora kuliko walivyoikuta. Ni bustani ngapi za leo ziwezazo kusema hivyo?

Sasa, boma hili liliachaje kuhama? Historia yajibu kwa hatua. Kwa mikataba ya mwaka 1904 na mwaka 1911, serikali ya Waingereza iliwaondoa Wamasai katika sehemu kubwa ya nchi yao, na mwishoni Laikipia ikawa mashamba ya walowezi. Nchi ya juu yenye majani ya kiangazi ikafungwa kwa mipaka. Wafugaji waliobaki kandokando yake, katika Mukogodo na katika nchi ya chini inayoelekea Isiolo, walijikuta na mvua ile ile na mifugo ile ile, lakini njia zimepungua. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 zikaja sababu nyingine, na nyingi katika hizo zilikuwa njema. Shule ilijengwa, na mtoto wa shule hahami kila mwezi. Zahanati ilijengwa, kisima cha mashine kikachimbwa, duka likafunguliwa. Ukame mkubwa, kama ule wa mwaka 1984, uliwanyang'anya watu wengi mifugo yao, na asiye na ng'ombe hana sababu ya kufuata majani. Wizi wa mifugo nao uliwafanya watu wakae karibu karibu. Basi vijiji vikazaliwa, na Kipsing ni kimoja cha vijiji vya namna hiyo.

Hapo ndipo ule mpango wa kale ulipogeuka dhidi ya wenyewe. Ua wa miiba ni kitu kizuri kwa boma lihamalo, kwa sababu miti iliyokatwa matawi hupata miaka ya kupona. Lakini mchwa hula miiba, na boma lisilohama huhitaji miiba mipya mwaka hata mwaka kutoka mahali pale pale. Miti ya karibu ikaisha, kisha ya mbali kidogo, kisha ya mbali zaidi. Mifugo ilitoka asubuhi na kurudi jioni kwa njia zile zile, ikakanyaga nyasi hata mizizi ikafa. Samadi nayo ilirundikana mahali ambapo hapakuota kitu. Mvua ilipokuja haikukuta nyasi wala takataka za majani za kuipokea. Ikateleza juu ya udongo mtupu, ikachimba makorongo, ikaenda zake katika laga pamoja na udongo wenyewe. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba dawa ni kurudi tu katika desturi ya zamani. Swali la kweli ni hili: nyumba isiyohama itafanyaje kazi iliyokuwa ikifanywa na nyumba iliyohama?

Kabla ya kujibu, tuangalie majibu mawili yaliyowahi kutolewa, maana yote mawili yalitolewa na watu waliotaka mema.

Jibu la kwanza lilikuwa mpungate. Mmea huu, mzaliwa wa Marekani, hauna majani ya kawaida; una mabapa manene ya kijani yenye maji ndani na miiba nje, na huchanua maua ya kupendeza, kisha huzaa matunda mekundu. Katikati ya karne ya 20, wakati wa utawala wa Waingereza, ulipandwa huko Dol Dol, katika Mukogodo, mahali pasipo mbali sana na Kipsing. Ulipandwa kwa kazi ya ua. Na kwa kweli nani angeulaumu? Haukuhitaji kumwagiliwa. Haukuliwa na mchwa. Uliota kwa kipande kilichotupwa chini tu. Ukitazama jambo kwa macho ya mwenye nyumba mmoja, katika mwaka mmoja, mpungate ulikuwa ua wa ajabu: ua lililo ua.

Mpungate ulikaa miaka mingi karibu na ulipopandwa, kama mgeni mwenye adabu. Kisha nchi ilipokanyagwa na nyasi zikaisha, ukapata nafasi. Nyani na tembo walikula matunda yake na kutawanya mbegu kila walikokwenda. Sehemu kubwa za malisho ya Laikipia ya kaskazini zikafunikwa na vichaka visivyopitika. Mbuzi na kondoo wenye njaa walikula matunda hayo, na miiba midogo kama nywele iliyo juu ya ganda ikawachoma midomo, ndimi na matumbo. Wengi walidhoofika, na wengi walikufa. Hivyo ndivyo maana ya tatu ya neno letu ilivyotimia. Ua la bustani, lililopandwa kuwa ua wa nyumba, liliua. Katika miaka ya 2010 wataalamu walianza kuachilia huko mdudu mdogo afyonzaye mmea huo, naye amesaidia. Lakini kazi ya kung'oa na kuchoma bado inawachosha wenyeji.

La kusikitisha ni kwamba habari hii ilikuwa imekwisha tokea kwingine, tena imekwisha andikwa. Mwaka 1788 nahodha Arthur Phillip, aliyeongoza merikebu za kwanza za Waingereza kwenda kukaa Australia, alifikisha huko mipungate kutoka Brazili, ili kulea mdudu atoaye rangi nyekundu ya nguo. Katika karne ya 19 mipungate ya aina nyingine ilipandwa huko kuwa nyua za mashamba. Kufika miaka ya 1920 mmea ulikuwa umeshika hektari zaidi ya milioni 24, na wakulima wengi walizikimbia nyumba zao. Waliokolewa na kiwavi wa nondo mmoja kutoka Argentina, ambaye mayai yake yaliletwa mwaka 1925 na viwavi wake kuachiliwa mwaka 1926. Watu wa kijiji cha Boonarga walishukuru hata mwaka 1936 wakajenga jumba la mikutano kwa ukumbusho wa kiwavi huyo. Basi mpungate ulipopandwa Dol Dol, jumba lile lilikuwa limekwisha simama. Asiyesoma historia ya wengine huja akaiandika upya kwa mali yake mwenyewe.

Jibu la pili lilikuwa mathenge. Mti huu nao ni mzaliwa wa Marekani. Katika miaka ya 1970 ulipandwa pwani, karibu na Mombasa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa Baringo na mahali pengine pakavu, ili kuzuia jangwa na kuwapatia watu kuni na kivuli. Kivuli ulitoa, na kuni ulitoa. Lakini ulienea kama moto katika nchi zilizo na maji chini ya udongo: kandokando ya mto Tana, Turkana, Garissa, na hata Isiolo. Uliziba njia za mifugo na kunywa maji ya mabonde. Maganda yake yana sukari nyingi, na mbuzi walioyala sana walioza meno. Mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo waliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akaletwa mahakamani Nairobi awe shahidi. Magazeti mengi yalicheka. Wailchamus hawakucheka, maana mbuzi asiye na meno ni mbuzi aliyekufa akiwa bado anatembea. Mwaka 2008 mathenge ulitangazwa rasmi kuwa mmea wenye madhara.

Twaona nini katika majibu haya mawili? Si kwamba kila mmea wa kigeni ni adui. Mahindi yametoka Marekani, na hakuna amwitaye adui aliyemlea. Kosa lilikuwa katika swali lililoulizwa. Waliopanda waliuliza, "Ni mmea gani uwezao kustahimili ukavu?" Hawakuuliza, "Baada ya kuustahimili, utafanya nini, nani atamla, na nani atamzuia?" Mgunga nao hustahimili ukavu, lakini mgunga una mbuzi wa kula maganda yake, mdudu wa kutoboa mbegu zake, na tembo wa kuvunja matawi yake. Una jirani zake wanaomjua. Mpungate na mathenge zilikuja bila jirani.

Liko kosa jingine, dogo kwa sura, nalo naliungama kwa kuwa nilishiriki. Nilipokuwa mwalimu mgeni katika shule moja ya nchi kavu, tulitaka kiwanja cha mbele ya ofisi kiwe na ukoka wa kijani, kama nilivyouzoea katika chuo cha ualimu. Wanafunzi waliambiwa kila mmoja aje na maji asubuhi. Kwa majuma kadhaa kiwanja kilikuwa kijani, nasi tulijivuna. Siku moja mvulana mmoja mdogo, akimimina maji yake, aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, majani haya huliwa na nani?" Nilimwambia kuwa hayaliwi, ni ya kutazamwa. Akanyamaza, wala hakuuliza tena. Jioni ile nilipita katika laga nikamwona mama wa mvulana yule, amezama ndani ya shimo la mchanga hata mabegani, akiteka maji kwa kikombe na kuyapitisha juu. Nilifahamu hapo kwamba nilikuwa nimeulizwa swali la maana kuliko yote niliyouliza mimi darasani mwaka ule.

Na hesabu inamuunga mkono mvulana yule. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukoka katika jua kali huhitaji kama milimita 5 kila siku. Kiwanja cha mita 200 za mraba, ambacho si kikubwa, kitataka lita 1,000 kwa siku, yaani mitungi 50 ya lita 20. Nani atakayeibeba?

Lakini hesabu ile ile, ikigeuzwa, ina habari njema. Chukua nyumba yenye paa la bati, urefu mita 10 na upana mita 6. Ikiwa mvua ya mwaka mzima ni milimita 400 tu, paa hilo litapokea lita 24,000. Tukitoa sehemu moja katika tano kwa ajili ya maji yanayorushwa na kupotea, zitabaki lita 19,200, nazo ni mitungi 960. Maji hayo yaliangukia nyumba mwaka jana na mwaka juzi, na yakaenda laga, na mama akayafuata huko akayachimbua. Nchi kavu si nchi isiyo na mvua. Mara nyingi ni nchi ambayo mvua yake haijapokelewa.

Sasa twaweza kujibu swali letu. Nyumba isiyohama itafanya kazi ya nyumba iliyohama ikiwa itapokea mvua yake, itarudisha samadi yake katika ardhi, na kuwapa mahali mimea iliyozaliwa hapo. Nitaeleza kila moja kwa ufupi.

Juu ya mvua, jambo la kwanza ni mfereji wa bati na tangi. La pili ni kuuzuia ule mkondo upitao uani. Juu ya mteremko mdogo huchimbwa vizuizi vya udongo vyenye umbo la mwezi mchanga, mdomo wake ukielekea upande wa juu, ili maji yateremkayo yaingie, yatulie, yazame. Ndani ya kila mwezi hupandwa mti mmoja au nyasi. La tatu ni kutotupa maji yaliyokwisha kutumika. Maji yaliyooshea vyombo au nguo hayafai kunywewa, lakini mti wa kivuli huyapokea kwa shukrani. Na kwa mche mchanga, chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kikifukiwa kando yake na kujazwa maji, hutoa maji polepole kupitia kuta zake, wala jua haliyanyang'anyi. Wachina waliandika habari za chungu hicho miaka 2,000 iliyopita. Nasi tuna wafinyanzi wetu.

Juu ya samadi, yatosha kukumbuka boma la kale. Badala ya boma kuhama, samadi ihame. Ichukuliwe kutoka zizini mwisho wa kiangazi na kutiwa katika zile hilali za udongo kabla ya mvua za Machi au za Oktoba. Nyasi za kienyeji zitarudi zenyewe mahali penye samadi, unyevu, na ulinzi wa kuzuia mbuzi kwa msimu mmoja au miwili.

Juu ya mimea, wenyeji ndio walimu, nasi wenye vyeti ni wanafunzi. Kwa kivuli kikubwa, mgunga. Mwanzoni huenda taratibu, lakini mizizi yake hushuka chini sana, na ukizungushiwa miiba michache kwa miaka ya kwanza hautaomba kitu tena. Kwa kukinga upepo na vumbi, mswaki, ambao haupukutishi majani hata wakati wa kiangazi, na vijiti vyake vinajulikana na kila mwenye meno. Kwa ua wenyewe, badala ya kukata miiba kila mwaka, miti ya jamii ya manemane. Kipande cha tawi lake kikichomekwa ardhini kabla ya mvua hushika mizizi, na Wakamba wamezungusha nyua hai za namna hiyo tangu zamani. Kwa mapambo, mishubiri ya kienyeji, yenye maua mekundu yapendwayo na chozi na nyuki. Au ule mti mfupi wa kaskazini wenye shina lililovimba na maua ya rangi ya waridi, uchanuao wakati ambapo kila kitu kimekauka. Lakini mti huo una utomvu wa sumu, ambao wawindaji wa zamani waliutia katika mishale. Usipandwe mahali pachezapo watoto. Mpenda uzuri hapaswi kuwa mpumbavu.

Labda mtu atasema kwamba ua uliofagiliwa ukawa mweupe kama meza ndio usafi, na kwamba nyasi huficha nyoka. Maneno haya yana kweli ndani yake. Karibu na mlango na penye njia za watu, ua ufagiliwe. Lakini si lazima kuufagia mpaka mwisho wake. Majani makavu yakiachwa chini ya miti ni blanketi la udongo. Hupunguza joto na kuzuia unyevu usitoroke. Uwanja uliofagiliwa kwa miaka 20 ni uwanja ulionyang'anywa blanketi kila asubuhi.

Yatupasa kuyawaza mambo haya sasa, wala si kesho, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ukame. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa mwaka 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa kutimia katika kaskazini ya Kenya na nchi jirani, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka 40 kabla yake. Mifugo isiyohesabika ilikufa. Sababu ya pili ni ujenzi. Katika Ruwaza ya Kenya, iliyotangazwa mwaka 2008, na katika mpango wa barabara kuu na bandari uliozinduliwa Lamu mwaka 2012, Isiolo iliwekewa nafasi ya kuwa na mji wa mapumziko wa watalii, na mahali palipotajwa ni Mwanya wa Kipsing. Mji wa namna hiyo ukijengwa mahali popote pakavu, utakuwa na nyua nyingi sana. Zitapambwa kwa nini? Zikipambwa kwa ukoka, maji ya laga na ya mto Ewaso Ng'iro yatakwenda kutazamwa badala ya kunywewa, na watakaoona kiu kwanza ni wale waliokuwa hapo kwanza. Zikipambwa kwa mgunga, mswaki na mshubiri, mgeni ataona kitu asichoweza kukiona kwao, na mwenyeji hatanyang'anywa mtungi wake.

Wanafunzi, baadhi yenu mtakuwa wajenzi, baadhi maofisa, na wengi mtakuwa wenye nyumba. Siku moja kila mmoja wenu atasimama mbele ya kiwanja kitupu akiwa na jembe mkononi. Hapo mkumbuke mambo mawili ya historia: ua wa Dol Dol uliopandwa na mtu mmoja ukageuka mzigo wa vizazi, na boma la kale lililoondoka likaacha nyuma yake majani mabichi. Kabla ya kupanda, ulizeni swali la mvulana yule: huliwa na nani? Kisha ulizeni na la pili: hunywa maji ya nani? Mmea ujibuo maswali hayo mawili vizuri na upandwe. Usioweza kuyajibu, hata uwe na maua mazuri namna gani, uachwe ulikotoka.